Tafuta Kitenzi Kikuu Kabla ya Kuweka Nukta

Katika kazi yangu ya kuhariri ripoti na barua, nimebaini kwamba sentensi zisizokamilika mara nyingi si zile fupi, bali ni zile ndefu zilizosheheni maelezo. "Wamefika" ni neno moja tu, lakini ni sentensi kamili, kwa kuwa kiambishi wa- kinawakilisha watenda na mzizi -fik- unabeba tendo. Tazama sasa maneno haya: "Wafanyakazi ambao waliajiriwa mwaka jana na kupewa mafunzo ya kutumia mitambo mipya." Vitenzi vimo, tena vya kutosha, ila vyote vinafafanua ni wafanyakazi gani wanaozungumziwa, na msomaji anaifikia nukta akiwa bado anasubiri kuambiwa wamefanya nini.

Ninapokuwa na shaka, huweka kando kila kitenzi kinachotegemea amba-, kila chenye kirejeshi ndani yake, yaani kiungo kama -o- au -po- kinachorejelea mtu, kitu, mahali au wakati, kama vile "walioajiriwa" au "walipofika", na kila chenye -ki- ya masharti. Kikibaki kitenzi kinachoweza kusimama peke yake, au kishirikishi kama ni na si, sentensi imetimia. Kisipobaki, kuna njia mbili: ama niongeze kiarifu, yaani sehemu inayoeleza kilichotendeka, kwa mfano "wamepangiwa zamu za usiku", ama niondoe "ambao" ili "waliajiriwa" kiwe kitenzi kikuu. Mimi hupendelea njia ya pili iwapo kuajiriwa kwenyewe ndiyo habari inayotolewa.

Vishazi, yaani vipande vya sentensi vyenye kitenzi, vinavyoanza na "kwa sababu", "ingawa" au "ili" havina ugumu huo, kwani kwa kawaida dawa yake ni kufuta nukta na kuviunganisha na sentensi iliyotangulia.

Sisemi kwamba kila kipande ni kosa. Vichwa vya habari na majibu katika mazungumzo havihitaji kukamilishwa, na mwandishi wa hadithi ana uhuru wake. Katika mkataba, hata hivyo, sikubali kamwe. Kifungu kinachosema "Mpangaji atakayechelewa kulipa kodi kwa zaidi ya mwezi mmoja" kisha kikakomea hapo hakielezi kama mtu huyo atatozwa faini, ataongezewa muda au ataondolewa katika nyumba, na kila upande unaweza kujijazia jibu linaloufaa. Ukikutana na kifungu cha namna hiyo, omba kikamilishwe kwa maandishi kabla hujatia saini.