"Hati ipo kwenye mchakato": majibu kwa wanaonunua nyumba mpya Dar

Barua za mwezi huu karibu zote ni za nyumba mpya: apatimenti za Kawe, Mikocheni na Upanga, nyumba za miradi ya Kigamboni, Goba na Madale. Nimeanza na swali ambalo limeletwa na watu wengi kwa maneno yanayofanana.

Shikamoo dada. Nimepata apatimenti ya vyumba vitatu Mikocheni, jengo jipya kabisa. Dalali anasema zimebaki mbili na kuna mtu anatoka Dodoma kesho na fedha taslimu. Anataka nimtumie milioni 5 leo kwa simu ili anishikie. (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Usitume.

Sikatai kwamba nyumba zinagombaniwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na nyumba yenye hati safi, maji na barabara inayopitika haikai sokoni. Ila haraka ya dalali na haraka ya soko ni vitu viwili. Dalali analipwa siku unayolipa wewe. Ukichelewa kwa ajili ya kufanya upekuzi, yaani kukagua hati kwa Msajili wa Hati, yeye ndiye anayeumia.

Fedha ya kushikia nyumba ipo na ni jambo la kawaida, lakini inaingia kwenye akaunti ya benki yenye jina la kampuni inayouza. Haiingii kwenye simu ya mtu. Upewe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi iliyosainiwa inayosema mambo mawili: nyumba ipi imeshikwa na hadi tarehe gani, na kwamba fedha yako inarudi yote iwapo upekuzi utaonyesha kasoro kwenye hati. Muuzaji akikataa hilo la pili, mwachie mtu wa Dodoma anunue.

Nimeshalipa nusu ya bei. Kila nikiuliza hati naambiwa ipo kwenye mchakato. Huo mchakato huchukua muda gani? (Msomaji, Kimara)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, na bado watu wanaliuliza wakiwa wameshalipa. Safari hii nitalieleza kwa urefu.

Kwanza uliza ni hati ipi. Kwenye mradi wa ghorofa kuna hati mama, yaani ya kiwanja chenyewe, halafu kuna hati za sehemu, moja kwa kila nyumba. Hati mama haitakiwi kuwa kwenye mchakato wowote. Inatakiwa iwepo leo, kwa jina la huyo anayekuuzia. Kama haipo, au ina jina la mtu mwingine, umelipia nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja cha watu.

Hati za sehemu ni jambo tofauti. Tangu 2008 tuna sheria inayoruhusu jengo moja kugawanywa, kila mmoja akapata hati ya nyumba yake pamoja na fungu lake katika vitu vya wote: ngazi, lifti, maegesho, paa, tangi la maji. Hizo kwa kawaida hutoka jengo likishasimama, kwa hiyo kusubiri kunaweza kuwa halali kabisa. Lakini kusubiri bila tarehe si halali. Mkataba useme hati yako itatoka lini, na ikichelewa unalipwa nini. Kama mkataba wako hauna tarehe, wakili wako aandike barua wiki hii, kabla hujalipa senti nyingine.

Upekuzi rasmi unafanyika ofisi ya Msajili wa Hati. Utakuonyesha mmiliki ni nani, kama kuna zuio, na kama kiwanja kimewekwa rehani. Hapo kwenye rehani ndipo watu wanapoumia. Kampuni nyingi zinajenga kwa mkopo wa benki na kiwanja ndicho dhamana. Hilo si kosa. Kosa ni wewe kumaliza kulipa bila barua ya benki inayosema ukimaliza malipo, nyumba yako inaachiliwa kutoka kwenye rehani. Kampuni ikishindwa kulipa, benki itakuja na haki yake mkononi, na wewe utakuja na risiti.

Ukiwa hapo hapo angalia miaka. Hati zetu zinatolewa kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Nyumba inaweza kuwa mpya huku hati yake imebakiza miaka michache.

Wananiambia bei ni dola 120,000 na nilipe kwa dola. (Msomaji, Upanga)

Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Wakuandikie bei kwa shilingi, na waseme kwa maandishi kama VAT imo ndani. Nyumba mpya inayouzwa mara ya kwanza hubeba kodi hiyo, kwa kawaida 18 kwa mia. Nimeona watu wakikubaliana bei kwa mdomo halafu VAT ikaletwa siku ya kusaini.

Mwenyekiti wa mtaa anataka asilimia 10 ili atuandikie mkataba na kuugonga muhuri. Ni sheria? (Msomaji, Goba)

Si sheria. Mwenyekiti anaweza kukuambia majirani ni nani na kama eneo lina mgogoro, na kwa hilo mtembelee, muulize, msikilize. Mkataba unaandaliwa na wakili. Muhuri wa serikali ya mtaa haukupi umiliki, na kwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati hauchukui nafasi ya uhamisho uliosajiliwa kwa Msajili. Tafadhali msiniulize tena kama muhuri unatosha.

Naweza kununua jengo likiwa bado kwenye msingi? Bei iko chini sana. (Msomaji, Sinza)

Unaweza, na wapo waliofaidika. Bei iko chini kwa sababu hatari yote unaibeba wewe, kwa hiyo ifunge kwenye mkataba. Lipa kwa hatua zinazoonekana kwa macho: msingi, zege la kila sakafu, paa, umaliziaji. Usikubali ratiba ya "kila tarehe 1 ya mwezi", maana mwezi unafika hata kama fundi hajaja.

Nenda eneo la ujenzi ukasome kibao cha mradi: mkandarasi, msanifu, mhandisi, namba za usajili. Hakikisha mkandarasi yumo kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kisha omba kibali cha ujenzi na uhesabu ghorofa. Jengo lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 na kuua watu 36 lilikuwa limefika ghorofa 16, na kibali kilikuwa cha 10. Sakafu zilizoongezwa zinaonekana ukiwa barabarani. Kinachotakiwa ni kuwa na kibali mkononi ulinganishe.

Mke wangu asijue kwanza. Inawezekana? (Msomaji hakutaja mahali)

Ukitaka mkopo wa benki, haiwezekani. Rehani ya nyumba ya ndoa inahitaji ridhaa ya mwenza kwa maandishi. Mwambie leo.

Benki imekubali kunikopesha milioni 150 kwa miaka 20, riba 15 kwa mia. Nina mshahara wa milioni 3.5. Nichukue? (Msomaji, Mbezi)

Rejesho lako litakuwa karibu shilingi milioni 1.97 kila mwezi. Kwa miaka 20 utakuwa umelipa kama milioni 474. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ulichokopa, na 15 kwa mia si riba kubwa kwa soko letu.

Sikuambii usichukue. Nakuambia mshahara huo, ukitoa rejesho, haubebi ada za shule, mafuta ya gari na mgonjwa mmoja kijijini. Kuna na gharama ambazo hukuzitaja: wakili, uthamini, ushuru wa stempu, bima, na mchango wa kila mwezi wa kuendesha jengo, yaani walinzi, usafi, lifti na jenereta. Kodi ya jengo utaikuta inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Uliza mchango wa jengo ni shilingi ngapi na nani anaupanga. Tafuta nyumba ndogo zaidi, au ongeza malipo ya awali. Na kama riba inaweza kupandishwa, wakuonyeshe kifungu kinachoruhusu.

Nakabidhiwa funguo Jumamosi. Niangalie nini? (Msomaji, Kigamboni)

Nenda na fundi wako, mchana, na kama mvua imenyesha jana ndiyo bora zaidi. Beba ndoo, sarafu na balbu moja.

Mwaga ndoo ya maji kwenye sakafu ya bafu. Yaende kwenye tundu la kutolea maji. Kwenye nyumba moja niliyoingia na msomaji, maji yalitoka bafuni, yakapita mlangoni hadi korido, na msimamizi akawa anayasukuma kwa mguu akisema yatakauka. Gonga marumaru kwa sarafu, moja moja. Inayolia kama tupu haikupata saruji chini, na itavunjika. Fungua mabomba yote kwa wakati mmoja, hasa ghorofa za juu. Angalia dari chini ya bafu la jirani wa juu: doa la njano ni maji. Ufa mwembamba wa plasta unazibika. Ufa wa mshazari unaotoka kona ya dirisha na kupenya hadi upande wa pili wa ukuta, muite mhandisi kabla ya kusaini. Funua chemba ya maji taka. Jaribu kila soketi. Hakikisha mita ya LUKU ni yako peke yako.

Kila kasoro iandikwe, ipigwe picha, muuzaji asaini. Mkataba ukiruhusu, bakiza 5 kwa mia ya bei hadi kiishe kipindi cha matazamio, yaani muda ambao muuzaji bado anawajibika kurekebisha kasoro. Fedha iliyobaki mkononi mwako ndiyo humrudisha fundi.

Nyumba mpya Tegeta, bei nusu ya za jirani. Nyuma kuna mto mdogo ambao umekauka. (Msomaji, Bunju)

Pima kutoka ukingo. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi ndani ya mita 60 za mto, na mto uliokauka Agosti si mkavu Aprili. Waulize waliohamishwa Bonde la Msimbazi kwa sababu ya mafuriko. Achana nayo.

Dada, nipo Muscat nafanya kazi. Nataka kumtumia kaka yangu fedha aninunulie nyumba Madale kwa jina lake, nikirudi ahamishe. (Msomaji, Oman)

Kaka yako anaweza kuwa mtu mwema kuliko wote. Anaweza pia kufariki, na nyumba ikaingia kwenye mirathi yake, watoto wake wakawa na haki zote na wewe ukabaki na ujumbe wa WhatsApp. Anaweza kudaiwa, na mdai wake akaikamata.

Nunua kwa jina lako. Mpe kaka mamlaka ya kisheria ya kukuwakilisha, yaliyoandaliwa na wakili, yataje nyumba hiyo tu na mambo anayoruhusiwa: kusaini mkataba, kupokea funguo. Kuuza na kuweka rehani yasiwemo. Ubalozi wetu upo hapo Muscat, anzia huko kwa uthibitisho wa saini yako, kisha hati hiyo ya uwakilishi isajiliwe hapa kwa Msajili. Fedha itume kutoka akaunti yako moja kwa moja kwenda akaunti ya muuzaji, ili kumbukumbu za benki ziwe na jina lako mwanzo hadi mwisho. Wakili mtafute mwenyewe. Wakili aliyeletwa na muuzaji ni wa muuzaji.