Kofia ngumu haitoshi kwenye jukwaa la ghorofa

Umeuliza kama kofia ngumu pekee inatosha kumkinga mtu na vitu vinavyodondoka kutoka jukwaa la mafundi kwenye ghorofa linalojengwa. Haitoshi, mkuu. Nyundo ya kilo 1 ikidondoka kutoka mita 10 inafika chini na mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, na kofia haifuniki bega wala shingo. Kinachookoa ni kuzuia kitu kisidondoke: pigilia ubao uliosimama wima kwenye ukingo wa jukwaa, kimo kama inchi 6 hivi, pande zote zilizo wazi. Tofali zikipangwa juu kuliko huo ubao, funga wavu. Nyundo na spana zifungwe kamba kiunoni, ndoo ya zege ipande kwa kapi, na chini yake asikatize mtu, hata mama wa chakula. Zungushia utepe.

Nimesimamia saiti za huku Mwanza, na majukwaa yetu ya mirunda mara nyingi hayana huo ubao kabisa. Mafundi wanaona ni kuharibu mbao. Kwa saiti za mlimani karibu na ziwa, ongeza upepo wa mchana: mabati na plaiwudi zisiachwe juu bila kufungwa.

Kofia vaa hivyo hivyo, ila ikishagongwa kwa nguvu itupe, hata kama haionyeshi ufa.