Maswali ya Wasomaji: Korosho, Ufuta na Masharti ya Soko la Nje

Sisi ni kikundi cha kubangua korosho. Mnunuzi wa Ujerumani anataka kilo 1,500 za daraja W320 (punje nzima nyeupe), na anadai cheti cha sumukuvu: B1 isizidi 2, jumla isizidi 4. Tumepima shehena ileile mara mbili. Mara ya kwanza haikuonekana, mara ya pili imezidi. Maabara imekosea?
*Katibu wa kikundi, Newala*

Ndugu zetu, huenda maabara haikukosea hata kidogo. Sumukuvu haienei kwenye korosho kama chumvi kwenye mchuzi. Inakaa kwenye punje chache zilizoota ukungu, na punje moja mbovu inaweza kubeba sumu ya kuharibu kilo nzima. Mkichota nusu kilo juu ya mfuko mmoja, mnapima bahati yenu.

B1 ni aina kali zaidi ya sumukuvu, na jumla ni aina zake zikijumlishwa. Namba anazotaja mnunuzi ni mikrogramu kwa kilo, na ndicho kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa korosho inayokwenda moja kwa moja kwa mlaji. Kikomo cha 5 na 10 kipo pia, lakini ni cha korosho itakayochambuliwa upya kabla ya kuuzwa, na ni lazima hilo liandikwe kwenye mzigo na kwenye karatasi zake. Msikubali cheti cha 5 na 10 kwa mkataba wa 2 na 4. Kontena litakwama bandarini kwake, na gharama zitawarudia ninyi.

Sasa namna ya kuchukua sampuli. Kwa shehena inayozidi tani 1 hadi tani 2, utaratibu wa Ulaya ni kuchota mara 40, gramu 200 kila mara, jumla kilo 8. Kilo 1,500 ni kama katoni 66 za kilo 22.68, kila katoni ina mifuko miwili ya kilo 11.34, yaani mifuko 132. Choteni kwenye kila mfuko wa tatu wakati wa kujaza, kabla haujanyonywa hewa na kuzibwa. Mtapata michoto 44, inatosha. Mwambieni mtu wa maabara asage kilo zote kwa pamoja mpaka ziwe laini ndipo apime. Akisaga kiganja kimoja tu, mmerudi kulekule. Sampuli iliyosagwa igawanywe mara tatu: ya kupima, ya kwenu ya akiba, na ya mnunuzi, zote zikiwa na lakiri na namba ya shehena. Tunajua kilo 8 za W320 zinauma. Kontena kurudishwa kunauma zaidi.

Lakini kipimo hakiponyi korosho. Chanzo kiko nyuma, na kwa kawaida ni sehemu tatu.

Ya kwanza ni korosho ghafi. Iliyookotwa Oktoba juani si sawa na iliyolala chini ya mti wiki nzima mvua za Desemba zikiipiga. Msizichanganye ghalani hata kama bei ni moja. Pokeeni kwa kipima unyevu: ikisoma zaidi ya 10 kwa mia, irudi kwenye turubai kuanikwa. Na za kangomba, yaani zinazouzwa kwa magendo nje ya mfumo rasmi, msiziguse. Mbali na kuvunja sheria, hamjui zililala wapi.

Ya pili ni usiku baada ya kuchemsha kwa mvuke. Korosho iliyochemshwa ikirundikwa ikiwa ya moto na imefunikwa, katikati ya rundo panabaki joto na maji, na hapo ukungu haukawii. Itandazwe isizidi kina cha kiganja, upepo upite.

Ya tatu ndiyo inayowaponza wengi wenye ujuzi. Punje ikitoka kwenye tanuri kumenywa ganda la ndani huwa kavu sana na inavunjika, kwa hiyo huirudishia unyevu kidogo kabla ya kufungasha. Mwisho ni asilimia 5. Mkipitiliza mpaka 6 au 7 ili punje zisivunjike, mtapata W320 nzuri kwa macho, nayo itaota ukungu ndani ya mfuko baharini. Pimeni kila bechi, muandike kwenye daftari saa, namba ya bechi na kipimo. Punje yenye doa jeusi, yenye unga wa kijani au iliyosinyaa itolewe kwa mkono chini ya taa nyeupe. Kukaanga hakuiondoi sumu hii.

Ufuta wetu umekataliwa na mnunuzi wa Japani kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu. Wakulima wanaapa hawakupulizia ufuta. Inawezekanaje?
*Karani wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Nachingwea*

Inawezekana, na wakulima wanaweza kuwa wakweli. Tangu 2006 Japani inatumia kikomo cha 0.01 ppm (miligramu 0.01 kwa kilo) kwa kila kiuatilifu kisichowekewa kiwango chake kwenye zao husika. Hiyo ni gramu 1 ndani ya tani 100 za ufuta. Kwa kiwango hicho, dawa haihitaji kupuliziwa ufuta, inatosha iufikie.

Tazameni kalenda yenu. Ufuta unavunwa na kusimamishwa matita kuanzia Mei, wakati huohuo majirani wanaanza kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Dawa ya maji ikitoka kwenye mashine ya mgongoni, upepo wa asubuhi unaibeba mpaka kwenye matita. Matita yakae mbali na mikorosho, na jirani aombwe kuwaarifu siku moja kabla. Njia nyingine ni magunia yaliyowahi kubeba dawa au mbegu zilizopakwa dawa, na chumba kimoja kinachohifadhi ufuta na chupa za viuatilifu.

Kwenye AMCOS tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu ufuta wa watu wengi unaingia rundo moja na mmoja anawaponza wote. Msipokee bila kuandika jina, kitongoji, dawa iliyotumika shambani na tarehe yake. Wekeni gramu 500 za kila mzigo kwenye mfuko wenye namba ileile iliyo kwenye gunia. Shehena ikigoma, mtajua pa kuanzia kutafuta.

Na maadam mko hapo: ufuta upigwe juu ya turubai, kuku na mbuzi wakae mbali. Soko la nje linataka salmonela isionekane kabisa kwenye gramu 25, na kinyesi cha kuku mmoja kinatosha.

Wakala anataka alama za GPS za mashamba ya ufuta, anasema ni sheria mpya ya misitu ya Ulaya.
*Msomaji, Liwale*

Sheria hiyo inahusu ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao, pamoja na baadhi ya bidhaa zitokanazo nayo. Ufuta haumo, korosho haimo. Anayeuza mbao za mpingo au mkaa ndiye wa kujiandaa, na aweze kuonyesha kuwa pale zilipotoka msitu haukufyekwa baada ya 31 Desemba 2020. Mnunuzi anaweza kuomba alama kwa hiari yake kwenye mkataba, nanyi mnaweza kupandisha bei kwa kazi hiyo.

Nataka kuuza pakiti za korosho za kukaanga Nairobi, mzigo mdogo mdogo. Lazima wakala wa forodha?
*Mjasiriamali, Mtwara mjini*

Mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya Afrika Mashariki, hauhitaji wakala: hupata mpakani, mathalani Namanga, cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Ukizidi hapo, cheti cha uasili kinaombwa TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo. Kabla ya yote chukua alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), maana nchi za jumuiya zinatambuana alama. Anzia ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) Mtwara, uombe barua ya utambulisho. Kwenye lebo andika wazi kuwa ni korosho, weka namba ya bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Paleti zangu za mbao zimekataliwa. Ni mpya kabisa!
*Msomaji, Mtwara*

Upya hausaidii. Mbao inatakiwa ipashwe moto mpaka kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, kisha igongwe muhuri wa IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea) wenye TZ, namba ya mtengenezaji na herufi HT, yaani imetibiwa kwa joto. Muhuri uwe kwenye mbao yenyewe, pande mbili zinazotazamana. Ukibadilisha ubao mmoja uliovunjika kwa ubao wa kawaida, muhuri wa paleti hiyo umekufa.