Swali la kwanza la Fagerström: kwa wadadisi wapya

Wadogo zangu, juzi nilikaa nyuma nikawasikiliza mkifanya mazoezi ya dodoso la Fagerström, lile la kupima mvutaji ametekwa na nikotini kiasi gani, wawili wawili. Kabla ya chai ya saa nne nilishasikia makosa yale yale ya kundi lililopita, na la kabla yake. Mnasoma kwa kasi ya kondakta anayeita abiria. Mhojiwa hajameza mate, tiki imeshawekwa. Nawapenda na nataka mfanye kazi hii miaka mingi, ndiyo maana leo nasema bila kuzungukazunguka.

1. Swali la kwanza ndilo lenye uzito. Maswali ni sita na pointi ni 10, lakini "sigara ya kwanza baada ya kuamka" peke yake ina pointi 3, sawa na idadi ya sigara kwa siku. Manne yaliyobaki yana pointi moja moja. Sababu iko mwilini: nusu ya nikotini iliyomo kwenye damu huondoka kwa takriban saa mbili, kwa hiyo aliyelala usiku kucha anaamka ikiwa imemwishia karibu yote. Anayewasha kabla hajashusha miguu kitandani anakueleza jambo ambalo pakiti yake haiwezi kukueleza.

Sasa, nani anahesabu dakika asubuhi? Mrudishe kwenye jana yake. Aliamka, akafanya nini, sigara ilikuwa wapi? Kuli mmoja wa bandarini aliniambia "kama nusu saa hivi." Nikamwomba anisimulie asubuhi yake. Ananawa uso, anakunywa chai, anatoka, ananunua sigara kibandani. "Na kabla ya kunawa?" Akacheka. "Kabla ya kunawa namalizia kile kipisi cha jana. Nakiweka dirishani, juu ya kiberiti, nisikitafute gizani." Kwake kipisi hakikuwa sigara. Nusu saa ikawa ndani ya dakika 5, na pointi mbili zikawa tatu.

Mlinzi wa usiku anayeamka saa nane mchana, saa yake ya kuamka ni hiyo hiyo. Na mfungaji wa Ramadhani, asiyegusa moshi tangu alfajiri hadi magharibi, msimpe sifuri jamani! Muulize siku zake za kawaida, au bora zaidi, kazi ianze baada ya Idi.

2. Idadi ya sigara. Wengi wetu huku wananunua moja moja, wanaizima nusu, wanapokezana na mwenzao. Uliza kwa vipindi vya siku na uliza hela iliyotoka mfukoni. Anayevuta 10 au pungufu anapata 0 hapa, na wahojiwa wenu wengi wataangukia hapo. Sifuri hiyo isiwadanganye kwamba hana arosto.

3. Kagueni utoaji wa pointi kwa mkono kabla ya kwenda uwandani. Hapa nitakaa kidogo, maana kosa lilikuwa langu na walioumia ni wengine.

Mimi ndiye niliyetengeneza fomu ya kwenye kishikwambi. Ndiyo na hapana zilikaa sawa, 1 na 0. Idadi ya sigara ilikaa sawa, kuanzia 0 kwa wanaovuta 10 au pungufu hadi 3 kwa wanaovuta 31 na kuendelea. Kwenye swali la kwanza, majibu yameandikwa kuanzia "ndani ya dakika 5", na programu ikayapa namba kwa mfuatano huo huo: 0, 1, 2, 3. Nikaacha hivyo. Inatakiwa kinyume: ndani ya dakika 5 ni 3, baada ya dakika 60 ni 0.

Jumla bado iliangukia kati ya 0 na 10, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali ya kipimo yanakwenda pamoja, ilitoka chini mno. Kipimo hiki, hata kikitumika vizuri, alfa yake huwa karibu 0.6, na kila mtu kwenye fani analijua hilo, basi nikajificha humo. Nikaandika kwenye rasimu kwamba wavutaji wetu wanavuta kidogo mno na kipimo kilichotungwa kwa ajili ya wengine hakiwafai. Nikaitetea hoja hiyo mbele ya watu, na wakubwa zangu wakaitikia, kwa kuwa ilisikika ya kisomi.

Aliyenizindua ni muuguzi. Alinijia na fomu mbili mkononi. Moja ya mlinzi anayewasha akiwa bado kitandani: sigara nane kwa siku, kujizuia panapokatazwa ni tabu, ya asubuhi ndiyo ngumu kuiacha, na saa za mwanzo anavuta zaidi. Nyingine ya kijana anayevuta mbili jioni akiwa na wenzake, na mengine yote hapana. Wote wawili walikuwa na 3. "Hawa ni sawa?" akaniuliza. Nikahesabu kwa kalamu pale pale. Mlinzi alikuwa na 6. Kijana alikuwa na 0.

Alama zile ndizo zilizokuwa zikitumika kuchagua nani apewe ufuatiliaji wa karibu na jojo ya nikotini ya miligramu 4, na nani apewe ushauri mfupi aende zake. Mlinzi alikuwa ameshapewa ushauri mfupi, amejaribu kuacha, ameshindwa, na ameambiwa aongeze nia. Nilimfuata kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema yeye alishaamini kuwa ni mtu dhaifu.

Kwa hiyo tungeni wahojiwa wawili wa kubuni, mzito kabisa na mwepesi kabisa, muwapitishe kwenye fomu. Wa kwanza asipotoka na 10 na wa pili na 0, gari haliondoki.

4. Ugoro, kuberi na shisha msivipime kwa dodoso hili. Mwaka 2012 Fagerström mwenyewe, mtunzi wake, alipendekeza jina libadilishwe, liwe kipimo cha utegemezi wa sigara, kwa sababu hicho ndicho linachopima. Tumbaku isiyo ya moshi ina toleo lake.

5. Swali la maeneo yaliyokatazwa linategemea kama katazo linasimamiwa. Tanzania ina sheria tangu 2003 na Kenya tangu 2007, lakini kwenye baa ambayo hakuna anayekemea, mvutaji atakujibu hapati tabu yoyote, na atakuwa anasema kweli. Andikeni pembeni anakoshinda.

6. Faragha. Mke akiwa anapepeta mchele hatua tatu kutoka hapo, mume anavuta "mbili tu." Mwanamke anayevuta hatakwambia lolote mbele ya mama mkwe. Hama na kiti chako.

7. Kila mwaka kuna anayeniuliza kwa nini tusipime kotinini, kile nikotini inachogeuka ikishaingia mwilini, tuachane na maswali. Kotinini, ambayo nusu yake huondoka kwa saa 16 hivi, inakuonyesha nikotini iliyoingia siku hizi mbili tatu, hata ile ya kwenye plasta ya dawa. Haikwambii kama mtu anavuta akiwa hoi kitandani na homa. Hilo ni swali la sita, nanyi mnaliruka kwa kuwa mnaona aibu kumuuliza mgonjwa. Muulizeni.

8. Atakayekuuliza "sasa niache vipi?" usimjibu kwamba wewe ni mdadisi tu. Dawa za kubadilisha nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2009, lakini duka la dawa la mtaani kwenu huenda halina. Kabla ya kuanza kazi eneo lolote, mtu wa timu apite kwenye vituo vya afya, aulize nani anatoa ushauri na siku gani, aandike jina la chumba na namba ya simu kwenye karatasi. Karatasi hiyo iwe kwenye mkoba wa kila mmoja wenu Jumatatu, nitaikagua pamoja na vishikwambi.