Umri wa kupiga kura: unapunguzwa au unashushwa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Temeke, Dar es Salaam. Shuleni tuna mdahalo na nimepangwa upande wa kuunga mkono. Hoja niliyoiandika ni hii: "Umri wa kupiga kura upunguzwe kwa miaka 16 ili vijana wenye zaidi ya miaka 16 wapewe haki yao." Wenzangu wamenibishia. Mmoja anasema umri haupunguzwi, unashushwa. Mwingine anasema mtu wa miaka 16 ni mtoto, asiitwe kijana. Tena, niandike "mpiga kura" au "mpigakura"? Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mnabishana juu ya maneno kabla ya kupanda jukwaani, kwa sababu katika jambo hili neno moja linaweza kumwingiza mtu kwenye kituo cha kura au kumwacha nje.

Mwenzako wa kwanza ana hoja, ila ameikaza mno. Hapa mjini ukisema mchezaji fulani kapunguza umri, wasikilizaji wataelewa kuwa amedanganya tarehe yake ya kuzaliwa. Hapo umri ni miaka ya mtu, na miaka ya mtu haipungui. Lakini "umri wa kupiga kura" si miaka ya mtu yeyote. Ni kiwango kilichowekwa na sheria, na viwango katika Kiswahili hupanda na kushuka: bei hushuka, joto hushuka, riba hushushwa. Kwa hiyo "kushusha umri wa kupiga kura" ni msemo mzuri, nami ningeuchagua huo. "Kupunguza" si kosa. Magazeti yanalitumia kila siku na hakuna anayedhani kuna mtu anayefanywa mdogo.

Kosa lenyewe, ambalo wenzako hawakuligusa, liko kwenye neno dogo "kwa". Kupunguza kitu *kwa* kiasi fulani ni kukiondoa kiasi hicho. Nauli ya shilingi 600 ikipunguzwa kwa 100, inabaki 500. Sasa toa 16 kwenye 18, umri wa kisheria wa sasa, uone hoja yako inadai nini: watoto wa miaka miwili waende kupiga kura. Wewe ulikusudia "hadi". Umri unapunguzwa *kwa* miaka miwili, au unashushwa *hadi* miaka 16. Ukitaka kutoa mifano ya nchi nyingine, kiunzi hicho hicho kitakubeba: Marekani ilishusha umri wa kupiga kura kutoka miaka 21 hadi 18 mwaka 1971, Austria ikaushusha kutoka 18 hadi 16 mwaka 2007, Japani ikaushusha kutoka 20 hadi 18 kwa sheria ya mwaka 2015. Mfano wa Brazili unahitaji uangalifu zaidi. Chini ya Katiba yao ya mwaka 1988, vijana wa miaka 16 na 17 *wanaruhusiwa* kupiga kura, ilhali kwa watu wazima wengi kupiga kura ni *lazima*. Usiwaunganishe wote kwa "wanatakiwa kupiga kura", utakuwa umewabebesha vijana wale wajibu ambao hawana.

Sasa "zaidi ya". Hapa naomba tukae kidogo.

Mtu anayesema "nina miaka 16" husema hivyo mwaka mzima, tangu siku aliyoifikisha mpaka siku ya kuamkia 17. Ukiandika "wenye zaidi ya miaka 16", wako watakaoelewa kuwa unaanza na wa 17, kwa sababu 16 si zaidi ya 16. Wengine watakuambia kwamba aliyeishi miaka 16 na mwezi mmoja tayari ameizidi 16. Wote wawili wana sababu, na sentensi inayowapa wote wawili sababu haifai kubeba haki ya mtu. Katika habari za kawaida haidhuru. Katika hoja ya sheria inadhuru, maana kundi zima la wenye miaka 16, ambao ndio unaowatetea, linaning'inia. Sema "wenye umri wa miaka 16 na kuendelea", au "kuanzia miaka 16". Na ukitaja kundi lenye mwanzo na mwisho, kumbuka kuwa "kati ya" hutaka "na", na "kuanzia" hutaka "hadi". Ile "kati ya miaka 15 hadi 35" tunayoisikia kwenye semina nyingi inachanganya miundo miwili.

Lakini liko neno bora kuliko yote hayo, nalo tayari limo kwenye Katiba yetu ya mwaka 1977. Ibara ya 5 inaanza hivi: "Kila raia wa Tanzania aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane anayo haki ya kupiga kura". *Aliyetimiza*. Kutimiza ni kukamilisha pasipo kubaki pengo, ndiyo maana twasema pia kutimiza ahadi na kutimiza masharti. Umri unatimia siku moja inayojulikana. Jana yake hukuwa umetimiza, kesho yake umeshatimiza. Mtaani twasema "nimefikisha", nalo ni sahihi kabisa. Ila jihadhari na "ameingia miaka 18" na "yuko mwaka wa 18". Aliye katika mwaka wake wa kumi na nane ana miaka 17, yaani yule tunayemwita "kumi na saba kwenda kumi na nane", na bado hajatimiza.

Halafu tazama kiambishi cha wakati, kwa sababu hapo ndipo vijana wengi wanapoachwa bila kukusudiwa. Kabla ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, walioruhusiwa kujiandikisha walikuwa raia *waliotimiza* miaka 18 pamoja na wale *watakaotimiza* umri huo ifikapo siku ya uchaguzi. Kijana aliyezaliwa Septemba 2007 alikuwa na miaka 17 wakati daftari la wapiga kura likiboreshwa, na bado alikuwa na haki ya kwenda kujiandikisha. Anayetangaza mtaani na kuishia kwenye "waliotimiza" anamwambia kijana huyo abaki nyumbani. Tofauti ni *-li-* na *-taka-* tu, na mwenye kipaza sauti ana deni la kuzitamka zote mbili. Mimi jambo hili linaniuma, kwani sheria ilikuwa upande wa kijana na sentensi ndiyo iliyomwangusha.

Kuhusu "wapewe haki yao": kama ni yao, wanapewaje? Katiba haisemi raia "atapewa" haki, inasema "anayo". Kwa mwenye miaka 18, basi, usiseme kamwe kwamba anapewa haki ya kupiga kura, kana kwamba ni fadhila ya ofisa. Kwa mwenye miaka 16 hali ni nyingine, maana sheria ya sasa haimtambui kama mpiga kura, na wewe ndiye unayeomba atambuliwe. Andika "wawe na haki ya kupiga kura". Usiseme tu "haki ya uchaguzi", kwa kuwa kuchagua na kuchaguliwa ni vitu viwili: anayepiga kura ni wa miaka 18, lakini anayepigiwa kura ya ubunge lazima awe ametimiza 21, na urais 40. Mdahalo wenu unahusu kupiga tu.

Mtoto au kijana? Wote wawili mna haki, na pengine hili ndilo litakalowasha mdahalo wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo mwenye miaka 16 ni mtoto mbele ya sheria moja na kijana mbele ya sera nyingine. Upande wa kupinga watasema "watoto wapige kura?" na neno litakuwa limeshawafanyia nusu ya kazi. Wewe taja umri wenyewe: "vijana wa miaka 16 na 17". Usitumie "barobaro", maana utawaacha wasichana, wala "waliobalehe", maana hilo ni suala la mwili na halina tarehe.

"Mpiga kura" na "mpigakura" utayakuta yote. Daftari la Tume ya Uchaguzi limeandikwa "Wapiga Kura", magazeti kadhaa huandika "wapigakura". Chagua moja na ulishike mpaka mwisho wa karatasi. Kitenzi chenyewe, "kupiga kura", kitenganishe siku zote.

Hoja yako basi isomeke hivi: "Umri wa kupiga kura ushushwe kutoka miaka 18 hadi 16, ili kila raia aliyetimiza miaka 16 awe na haki ya kupiga kura." Na wale wa upande wa kupinga wakikuuliza yao iandikwe vipi, wape hii: "Umri wa kupiga kura ubaki miaka 18." Wasiandike "usizidi miaka 18" wakidhani ni kitu kimoja, kwa sababu umri usiozidi 18 unaweza kabisa kuwa 16, na watakuwa wamekuunga mkono.