Bastola mpya inapokwama: maswali na majibu

Barua nyingi za siku hizi zinatoka kwa watu waliopata cheti cha kumiliki silaha karibuni. Wamenunua bastola inayojikoki yenyewe, wamekwenda nayo uwanja wa shabaha wakitarajia raha, wamerudi na wasiwasi. Nilikaa miaka mingi kwenye ghala la silaha kabla ya kuanza kufundisha, na wasiwasi huo naujua. Nimechagua maswali saba. Ombi langu kwa wote: risasi zipigwe uwanjani tu mbele ya msimamizi, na zoezi lolote la nyumbani lifanywe chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) ikiwa tupu, risasi zikiwa chumba kingine.

Mwalimu, nimenunua bastola mpya ya Ceska. Katika risasi 30 za kwanza imekwama mara tatu. Aliyeniuzia anasema "itazoea tu." Ni kweli? Itazoea lini? (Msomaji, Nakuru)

Pole, kaka. Anachosema kina ukweli, ila hakitoshi.

Slaidi ya bastola mpya, yaani kile chuma cha juu kinachoteleza, huenda na kurudi juu ya reli ambazo bado zina mikwaruzo midogo ya mashine za kiwandani. Mikwaruzo hiyo hulainika kwa kusuguana. Springi inayorudisha slaidi nayo huwa ngumu mwanzoni, ikalegea kidogo baadaye. Kahr, kampuni ya Marekani inayotengeneza bastola ndogo za kubeba, imeandika wazi kwenye kijitabu chake kwamba bastola isihesabiwe kuwa ya kuaminika kabla haijapiga risasi 200. Kwa hiyo kuzoea kupo.

Lakini usikubali neno hilo lifunike kila kasoro. Machi 1911, jeshi la Marekani lilipoijaribu bastola ya mbunifu wa silaha John Browning, ilipigwa risasi 6,000. Ilipopata moto kupita kiasi ilitumbukizwa majini, ikatolewa, ikaendelea, na haikukwama hata mara moja. Nayo ilikuwa mpya.

Kipimo changu ni hiki: risasi 200 za mazoezi, kisha 50 za aina ile ile utakayoibeba, na mia za mwisho zipite bila kukwama hata mara moja. Ikikwama kwenye ya tisini na nane, anza kuhesabu mia upya. Ni gharama, najua. Tena kwetu Kenya cheti chenyewe kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo kwa wakati mmoja, kwa hiyo hesabu hii inaweza kula safari nne tano za uwanjani. Ziende. Mpaka zikamilike, usiiwekee bastola hiyo roho yako dhamana.

Kabla ya safari ijayo, ifungue uifute. Mafuta yaliyotoka nayo kiwandani mara nyingi ni ya kuzuia kutu ghalani, mazito, na yanavuta vumbi. Weka mafuta mepesi ya silaha, tone moja kila reli. (Wenye Glock mtaona grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi. Hiyo imewekwa makusudi kwa risasi za mwanzo, iacheni.)

Halafu nenda na daftari. Zichore magazini zako (visanduku vya risasi vinavyoingia mpinini) namba 1 na 2 kwa rangi ya kucha. Kila inapokwama, usiharakishe kuivuta. Elekeza mtutu kwenye shabaha, kidole nje ya triga, na utazame. Ganda tupu limesimama kama mshumaa mlangoni, pale slaidi inapolitupia nje? Risasi mpya imeinama, pua imegonga chini ya mdomo wa chemba? Au kila kitu kiko sawa ila slaidi haikufunga, imebaki na upenyo wa unene wa kucha? Andika ulichokiona, namba ya magazini na aina ya risasi. Ganda lililosimama hunipeleka kwanza kwenye mkono wa mpigaji, au kwenye risasi dhaifu. Risasi iliyoinama hunipeleka kwenye magazini. Slaidi isiyofunga hunipeleka kwenye uchafu, mafuta makavu, au risasi isiyoingia vizuri. Ukikuta zote tatu zimetokea kwenye magazini ya 2, umeshampata mwizi. Badilisha magazini, usiiguse bastola.

Shikamoo Mwalimu. Bastola ni moja, mimi na mume wangu sote tuna vibali. Akipiga yeye haikwami. Nikipiga mimi, ganda linabanwa mlangoni karibu kila magazini. Anasema sina nguvu. Nifanye nini? (Msomaji, Arusha)

Marahaba, dada. Mwambie mumeo nimesema nguvu si tatizo. Nimewafundisha akina mama wembamba wenye umri wa bibi, na bastola hazikuwagomea.

Tazama inavyofanya kazi. Katika bastola nyingi za milimita 9 zinazouzwa leo, mtutu na slaidi huanza vikiwa vimefungana. Baruti inapolipuka, vyote viwili hurudi nyuma pamoja milimita chache, kisha mtutu huinamisha kisogo na kuiachia slaidi iende peke yake. Slaidi inavuta ganda, inalitupa nje, inabana springi. Springi inairudisha mbele, njiani inachota risasi nyingine. Yote hayo yanatokana na teke la risasi moja, na teke hilo lina kipimo.

Sasa fikiria unasukuma mtumbwi. Ukiwa umesimama ufukweni, unakwenda mbali. Ukiwa umesimama juu ya mtumbwi mwingine usiofungwa, wako nao unarudi nyuma, na ule uliousukuma unakwenda nusu ya safari. Slaidi ndiyo mtumbwi unaosukumwa, mkono wako ndio ufuko. Kifundo kikilegea, bastola nzima inarudi pamoja na slaidi. Slaidi haifiki mwisho wa njia yake, na ganda linanaswa kabla halijatoka. Bastola nyepesi za plastiki huliona tatizo hili zaidi, kwa kuwa hazina uzito wa kuzituliza.

Dawa yake ni mshiko. Ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada ipande juu kabisa nyuma ya mpini, kusiwe na nafasi hata ya kupitisha karatasi. Mkono wa pili ujaze upande wa mpini uliobaki wazi na ukaze kuliko ule wa triga. Kifundo na kiwiko viwe imara bila kutetemeka kwa kukaza mno. Piga risasi tano hivyo, kwa magazini ile ile anayotumia mumeo. Ikibaki shida kidogo, jaribu risasi yenye kichwa cha greni 124, yaani kama gramu 8, badala ya ile ya 115, ambayo ni kama gramu 7 na nusu. Mara nyingi ile nzito huisukuma slaidi vizuri zaidi.

Umeandika pia kwamba slaidi haibaki wazi risasi zikiisha. Angalia kidole gumba chako. Nina hakika kimelalia kile kijiti cha ubavuni kinachoizuia slaidi ibaki wazi.

Nikiweka risasi chemba taratibu, nikiisindikiza slaidi kwa mkono ili isipige kelele, haifungi mpaka mwisho. Ni kasoro? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. Ivute mpaka mwisho, iachie. Springi imepimwa kufanya kazi hiyo peke yake, na mkono unaoisindikiza unaipunguzia nguvu.

Kila jioni natoa risasi chemba naifungia bastola kwenye sefu, asubuhi nairudisha ile ile. Nimeona kichwa chake kimezama kidogo kuliko zingine. Bado nzima? (Msomaji, Mombasa)

Mzee wangu, umefanya vizuri kuiangalia. Usiipige.

Kila unapoikoki, pua ya risasi inagonga njia ya kupandia chembani. Ukiirudia risasi moja asubuhi baada ya asubuhi, kichwa kinasukumwa ndani ya ganda kidogo kidogo. Nafasi ya baruti inapungua, na baruti ile ile ikilipuka kwenye nafasi ndogo shinikizo linapanda mno. Silaha inaweza kupasuka mkononi. Risasi ya 9 kwa 19, yaani ile ya kawaida ya milimita 9, ikiwa nzima haizidi urefu wa milimita 29.69. Lakini huhitaji kipimo cha fundi. Isimamishe mezani kando ya nyingine iliyotoka kwenye boksi lile lile, uinamishe macho usawa wa meza. Kama ile ya asubuhi ni fupi, hata kwa unene wa karatasi, itenge uikabidhi kwa muuzaji mwenye leseni.

Kwa zilizobaki, zungusha: iliyotoka chemba leo iwe ya chini kabisa kwenye magazini, na nyingine ipande. Zikitimiza mizunguko michache, zipige uwanjani kama za mazoezi.

Risasi moja ilitoa mlio mdogo, kama kupasua puto mbali. Nikataka kuendelea, msimamizi akanizuia kwa ukali. Alikuwa na haki? (Msomaji, Eldoret)

Alikuwa na haki, tena mshukuru.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nimesimama nyuma ya mwanafunzi wangu, kijana mtulivu, anapiga risasi za zamani alizopewa na ndugu yake. Ya nne ikasema "pyu." Teke halikuwepo, mkono haukuinuka. Slaidi haikurudi vya kutosha, naye akafanya anachofanya kila mtu kikikwama: akagonga magazini, akanyoosha mkono kuivuta slaidi. Nilimshika kifundo kabla hajaivuta. Tukatoa magazini, tukafungua slaidi, tukahakikisha chemba ni tupu, kisha nikapitisha ufito wa kusafishia kutoka mdomo wa mtutu. Uliingia sentimita tano, ukagota. Kichwa cha risasi kilikuwa kimekaa katikati ya mtutu. Ganda lilikuwa na fataki (kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyolipuka ila baruti haikuwepo, au ilikuwa imelowa. Fataki peke yake ilikisukuma kichwa mpaka hapo kikachoka. Risasi ya tano ingekikuta hapo. Kijana alikaa chini kwenye kokoto, hakusema kitu kwa muda mrefu.

Basi ukisikia mlio usio wa kawaida, au teke likipungua, simama. Toa magazini, hakikisha chemba tupu, angalia mtutu una mwanga kutoka upande wa chemba, au pitisha ufito.

Triga ikisema "ka" na kusiwe na mlio wowote, hiyo ni tofauti. Uko mazoezini, subiri sekunde 30 mtutu ukiwa kwenye shabaha, maana fataki nyingine huchelewa kuwaka. Kisha itoe, utazame kovu kwenye fataki. Kovu jepesi kwenye bastola mpya mara nyingi ni mafuta mazito yaliyoingia kwenye njia ya pini inayogonga fataki, au slaidi haikufunga kabisa. Kovu lenye kina ni risasi mbovu.

Niko Texas. Risasi za mazoezi za kichwa cha mviringo zinapita vizuri, lakini zile za kichwa chenye shimo, ambazo ndizo nataka kubeba, zinagonga pua. Nimeona video za watu wakisugua njia ya chemba kwa kifaa cha umeme mpaka ing'ae. Nijaribu? (Msomaji, Dallas)

Usijaribu, ndugu yangu. Ukipunguza chuma pale hukirudishi. Njia hiyo ikisuguliwa kupita kiasi, sehemu ya chini ya ganda inabaki bila chuma cha kuibeba, na shinikizo likija linapasukia hapo. Na mtengenezaji akiona umesugua, dhamana imekufa.

Kichwa chenye shimo kina mdomo mpana, na hupanda kwa pembe tofauti na kile cha mviringo. Nunua boksi dogo dogo la aina tatu tofauti, upige kumi kumi kila moja. Huko ulipo kupata aina tatu ni kazi ya dakika kumi, wasomaji wa huku hawana bahati hiyo. Mara nyingi moja inapita bila shida. Zote tatu zikigoma kwenye magazini zote, baada ya risasi 200, irudishe kwa mtengenezaji pamoja na daftari lako.

Kuna ndugu mwingine ameuliza kama springi ya magazini inachoka kwa kukaa imejaa. Kinachoichosha hasa ni kujazwa na kumwagwa mara nyingi. Magazini nzuri ikae imejaa bila hofu.

Nakaa karibu na bahari. Bastola haina hata miezi mitatu, nimeona vidoti vya kutu kwenye slaidi na magazini zinaanza kusita. Niongeze mafuta? (Msomaji, Tanga)

Ongeza mara za kufuta, mafuta yabaki kidogo. Hewa ya chumvi na jasho la kiunoni vinakula chuma haraka, hasa kilichotiwa rangi ya bluu ya kizamani. Kila jioni pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo juu ya slaidi. Mara moja kwa wiki ifungue, ila kwa utaratibu huu: magazini nje kwanza, slaidi nyuma, tazama chemba, iguse kwa kidole cha mwisho, tazama tena. Nasisitiza kwa wenye Glock, kwa sababu lazima ubonyeze triga ndipo slaidi itoke, na hapo ndipo watu wamejipiga wakidhani ni tupu.

Magazini zifute ndani ziwe kavu kabisa. Mafuta humo hugeuka ugoro na vumbi, ndiyo maana zinasita. Na naona kwenye barua yako unailaza bastola usiku ndani ya kikoba cha ngozi. Ngozi hunywa jasho mchana na kulirudisha usiku. Kikoba kitundike penye upepo, bastola ilale kwenye sefu bila nguo.