Kizigeu ni ukuta, si chumba

SWALI: Naandika mwongozo wa hifadhidata ya malipo ya chama chetu cha akiba na mikopo. Tunatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata. Nimeandika: "Gawa jedwali la malipo katika vizigeu 12, kila kizigeu kwenye diski yake." Mwenzangu amefuta "gawa" akaweka "gawanya". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako. Ila kalamu yake imeliruka kosa kubwa zaidi, na hilo ndilo linaloniudhi. Nimalize kitenzi kwanza, maana hakina mengi.

Kugawa ni kutoa. Unagawa chakula, unagawa kadi za harusi, kila mtu anaondoka na chake. Gawa huzaa gawana, gawana huzaa gawanya, kama changa ilivyozaa changana na changanya. Mzee akisema "shamba nimeligawa", majirani wataelewa kwamba limekwenda kwa watu. Akisema "nimeligawanya", ameliwekea mipaka na bado lote ni lake. Jedwali lenu halijaenda kwa mtu. Wanaosema "kumi gawa kwa mbili" siwagombezi, jibu litakuwa tano tu.

Sasa kizigeu. Chumba kimoja cha kupanga, familia ya watu watano: watu hutundika pazia au hupigilia mbao katikati, huku kitanda, huku makochi. Hilo pazia, hiyo mbao, ndiyo kizigeu. Huwezi kumwambia mgeni akalale kwenye kizigeu, atalala ukutani? Kiingereza kina neno moja, partition, kwa ukuta na kwa chumba kilichotengwa na huo ukuta. Kiswahili hakikuwahi kuchanganya hivyo, mpaka wafasiri wa programu walipochukua maana ya kwanza waliyoikuta kwenye kamusi wakaibandika kwenye diski na majedwali. Ni uvivu, na uvivu huu una hasara.

Chukua sentensi hii: "Ondoa kizigeu cha Januari." Mswahili ataelewa nini? Ukiondoa pazia, pande mbili zinaungana na vitu vyote vinabaki. Atadhani malipo ya Januari yatachanganyika na ya Februari, basi. Atatekeleza DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali, kwa moyo mweupe, na malipo yote ya Januari yatafutika. Amri aliyoihitaji huenda ni DETACH PARTITION, ambayo huling'oa fungu kutoka jedwali kuu na kuliacha likisimama peke yake kama jedwali kamili, na data yake yote ndani. Mwongozo uandike waziwazi: "ng'oa fungu" kwa hii, "futa fungu" kwa ile.

Nimesema fungu, na silioni neno la kulishinda. Mtazame muuza nyanya: amepanga tano tano juu ya gunia, fungu hili, fungu lile. Fungu ni zile nyanya, si nafasi iliyoachwa kati yake. Meza ni moja, muuzaji ni mmoja, na fungu moja likiondoka mengine hayatikisiki. Jedwali lililogawanywa liko hivyohivyo: unaliuliza swali kwa jina moja, na programu inakwenda moja kwa moja kwenye fungu la mwezi unaoutaka.

Kuna neno jingine dogo litakalowaumiza: "hadi". Tukisema tarehe 1 hadi 31, tarehe 31 imo. Kwa PostgreSQL haimo. Mpaka wa juu hauhesabiwi. Mkiandika FROM ('2025-01-01') TO ('2025-01-31'), kisha fungu linalofuata lianze Februari 1, malipo ya tarehe 31 yatakosa pa kwenda na kila ingizo la siku hiyo litakataliwa. Mkiwa na fungu la akiba (DEFAULT), lile linalopokea yote yasiyo na fungu lake, linalowezekana tangu toleo la 11 la mwaka 2018, yatarundikana humo kimyakimya. Andikeni "kuanzia Januari 1 mpaka kabla ya Februari 1", na kwenye amri mweke TO ('2025-02-01').

Sentensi yenu basi iwe: "Gawanya jedwali la malipo katika mafungu 12, moja kwa kila mwezi, kisha yagawe mafungu hayo kwenye diski." Hapo kugawa kumepata kazi yake halali, kwa sababu kila fungu sasa linapelekwa kwake. Diski 12 hamzihitaji: miezi inayotumika sana ikae kwenye diski ya kasi, ya zamani kwenye ya bei nafuu. Mkihamisha fungu kwa amri ya SET TABLESPACE, jedwali lake hufungwa mpaka kunakili kuishe, na faharasa zake, zile orodha za kutafutia data haraka, hazilifuati. Nazo zihamishwe kwa amri yake.

Mkifika kwenye safuwima, msiandike "gawanya safuwima". Hakuna anayeikata safuwima. Unazitenganisha, hii na ile. Oracle, programu nyingine ya hifadhidata, inaruhusu safuwima ya picha au maandishi marefu ipewe ghala lake. PostgreSQL haina amri hiyo. Safumlalo ikizidi takriban kilobaiti 2, yenyewe hubana thamani ndefu au huzisukuma pembeni. Mkitaka picha za wanachama zikae diski nyingine, tengenezeni jedwali la pili lenye namba ya mwanachama na picha yake, jedwali hilo ndilo mlipeleke huko, na kwenye mwongozo muandike "tenganisha picha na majina".